Rangi Haikaushi Ukuta

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu kuangalia chumba cha kupanga. Dalali alifungua mlango akiwa na furaha zake zote: "Karibuni, rangi mpya kabisa, hajaingia mtu." Na kweli kuta zilikuwa nyeupe pe. Lakini chini ya harufu ya rangi kulikuwa na harufu nyingine, ile ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Nikaomba kabati lisogezwe. Nyuma yake rangi ilikuwa imetoka malengelenge kama ngozi iliyoungua. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba, likapasuka, ukamwagika unga wa lipu uliolowa, na chini ya rangi ile mpya ukungu mweusi ulikuwa umejaa tele.

"Dada, hiyo ni kawaida," dalali akasema. "Mvua zikiisha inapotea yenyewe."

Si kawaida, na haipotei. Nimechoka kusikia neno hilo likitumiwa kufunika kitu kinachoumiza vifua vya watu. Kupaka rangi juu ya ukungu, kisha kumpangisha mtu chumba hicho bila kumwambia, ni udanganyifu. Sioni jina lingine la kukipa kitendo hicho.

Tuanze na ukungu wenyewe. Spora zake, yaani mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, ziko hewani kila mahali, ndani na nje, wala hakuna atakayezimaliza. Zinachosubiri ni chakula na maji. Chakula kimejaa nyumbani: karatasi, mbao, vumbi, gundi, hata rangi. Joto linalotufaa sisi linazifaa nazo. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji tu. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi ukungu hauwahi kuota. Kikiachwa, unaota. Sasa mtu anapochukua ukuta uliolowa na kuupaka rangi, maji yanabaki pale pale. Ameuhifadhia ukungu chakula na kinywaji, akaufungia mlango. Baada ya miezi michache rangi inabanduka na doa linarudi mahali lilipokuwa. Hata rangi zinazouzwa kama za kuzuia ukungu zina dawa inayopungua nguvu kadiri siku zinavyokwenda, na juu ya ukuta unaonyonya maji zinachelewesha tu.

Anayedhani ninakuza jambo dogo amkumbuke Awaab Ishak. Alikuwa mtoto wa miaka miwili, wa familia iliyotoka Sudan, akiishi na wazazi wake katika nyumba ya kupanga huko Rochdale, Uingereza. Baba yake alilalamika kuhusu ukungu tangu mwaka 2017, kabla mtoto hajazaliwa. Akaambiwa apake rangi juu yake. Awaab alifariki Desemba 2020, na Novemba 2022 uchunguzi wa kisheria wa kifo chake ukahitimisha kwamba aliuawa na ugonjwa mkali wa njia ya hewa uliosababishwa na kuishi muda mrefu kwenye ukungu wa nyumba ile. Kilichonikata maini zaidi ni kwamba ilidhaniwa chanzo ni namna familia inavyoishi, wanavyooga na wanavyopika. Nyumba haikushukiwa kwanza. Walishukiwa watu.

Wazazi wake hawakunyamaza. Leo ipo sheria inayobeba jina la mtoto wao, iliyotokana na sheria ya mwaka 2023 ya nyumba za jamii, yaani zile za kodi nafuu zinazopangishwa na halmashauri au mashirika ya nyumba, na kuanza kutumika Oktoba 2025. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Hatari kubwa ya unyevu na ukungu ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, kisha nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kukamilika. Sheria hiyo imeanzia kwa wapangaji wa nyumba za jamii za huko tu, lakini wazo lake linafaa popote penye mwenye nyumba na mpangaji: kwanza tengeneza nyumba, lawama baadaye.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tunavyoishi kuna mchango wake. Tunapumua, tunapika, tunaoga, tunaanika nguo ndani mvua ikigoma kukatika, na familia moja huweza kutoa lita kadhaa za maji hewani kwa siku. Mvuke ule ukikutana na ukuta wa baridi unageuka maji, ndiyo maana ukungu hupenda pembe za dari, kingo za madirisha na nyuma ya makabati, mahali hewa isipopita. Funika sufuria, sogeza kabati kidogo kutoka ukutani, anika nje ukiweza. Sawa. Lakini kupumua na kuoga si makosa ya mpangaji. Nyumba inajengwa ili watu wapumue na kuoga ndani yake, na isiyomudu hilo ina kasoro.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, tafuta maji yanakotoka. Ukuta wenyewe husema ukiuangalia vizuri. Unyevu ulioanzia chini karibu na sakafu, ukapanda na kuacha chumvi nyeupe inayopukutika, mara nyingi unatoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa kizuizi cha unyevu au kizuizi kimeharibika. Doa linalokua kila mvua ikinyesha linakupeleka kwenye paa, gata au ufa wa ukuta wa nje. Doa la katikati ya ukuta lisilojali mvua wala jua, kagua bomba lililopita humo. Vidoadoa vya juu pembeni kwenye ukuta wa baridi, hapo ndipo tuzungumze mvuke na madirisha.

Ukibaki na shaka, kuna jaribio lisilohitaji fundi. Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi (selotepu) pande zote nne pasipoingia hewa, ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande unaokutazama, unyevu unatoka kwenye hewa ya chumba. Yakitokea nyuma, upande wa ukutani, maji yanapita ndani ya ukuta, na huyo anayekwambia ufungue madirisha hajakusaidia kitu. Natamani kila mpangaji ajue jaribio hili kabla hajaambiwa kwamba tatizo ni yeye.

Haya, madirisha. Watu husema "pitisha hewa" kana kwamba dirisha moja lililoachwa nusu wazi linatosha. Hewa ili ipite lazima iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Madirisha mawili ya pande zinazotazamana yakifunguliwa kwa dakika chache yanabadilisha hewa ya chumba kuliko moja lililoachwa wazi kidogo siku nzima. Na hewa ya nje haiponyi kila mara. Kukiwa na joto lenye unyevu mwingi nje, na ndani kuna kiyoyozi kilichopoza kuta, ukifungua dirisha unaingiza maji. Ndiyo maana nawasihi watu wanunue kile kipimo kidogo cha unyevu wa hewa. Ukibaki chini ya asilimia 60 uko pazuri, na kati ya 30 na 50 ni bora zaidi. Ukiwa na namba mkononi, mabishano na mwenye nyumba yanakuwa mafupi.

Hapa nina ugomvi na wajenzi pia. Matundu ya hewa juu ya madirisha, yaliyotoa hewa ya moto na mvuke bila umeme, siku hizi yanazibwa ili kiyoyozi kisipoteze baridi, au hayawekwi kabisa kwa kuwa eti yanaharibu muonekano. Bafu linajengwa bila dirisha, linapewa kifeni kinachotupa mvuke ndani ya dari, halafu mwaka unaofuata watu wanashangaa ubao wa dari umeota madoa. Feni ya bafu itoe mvuke nje ya nyumba. Ishikilie karatasi ya chooni ukiiweka kwenye wavu wake; ikidondoka, feni hiyo inapiga kelele tu. Iachwe ikizunguka kama dakika 20 baada ya kuoga, na chini ya mlango pawe na nafasi ya hewa kuingia, la sivyo haina cha kuvuta.

Kuhusu kusafisha sina mengi. Eneo lisilozidi kama mita moja ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, ukiwa na glavu, barakoa inayobana vizuri na dirisha wazi, na usilisugue likiwa kavu maana unarusha spora chumba kizima. Blichi hufifisha rangi ya doa ukadhani kazi imekwisha, lakini hata ukungu uliokufa unaweza kuamsha mzio. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa yenye amonia, utatengeneza gesi ya sumu. Godoro au ubao wa dari ulioota ukungu hadi ndani, tupa. Mwenye pumu, mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu asikae chumbani kazi hiyo ikifanyika.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009. Halikuweka idadi ya spora inayoweza kuitwa salama. Lilisema unyevu na ukungu vizuiwe, na vikitokea viondolewe, kwa sababu vinahusishwa na pumu, kikohozi, kukorota kwa kifua na maambukizi ya njia ya hewa. Kwa hiyo mtu akikwambia "huu wako ni kidogo tu", muulize anatumia kipimo gani.

Kwa aliyekwisha kuhamia, malalamiko ya mdomo yanasahaulika haraka. Piga picha za doa zikionyesha tarehe, na rula kando yake ili ukuaji uonekane. Andika unyevu wa hewa asubuhi na usiku kwa wiki kadhaa. Fanya jaribio la nailoni, piga picha pande zote mbili. Kama kuna mtu nyumbani anakohoa au kubanwa kifua, mwambie daktari unavyoishi na umwombe aliandike kwenye faili. Kisha tuma vyote kwa mwenye nyumba kwa maandishi, mwombe achunguze chanzo cha maji na akutajie tarehe ya kuanza. Akileta fundi na ndoo ya rangi, mpokee kwa heshima, umuulize kabla hajafungua ndoo: maji yanatoka wapi?