Wifi Yangu Ameacha Samaki

Wifi yangu ana mimba ya miezi mitano na ameacha samaki. Wote: sangara, sato, furu, mpaka dagaa. Ni mzaliwa wa Kayenze, mtoto wa mvuvi, amekua akilala jirani na nyavu. Jumapili nilimtengea sato wa kuchemsha, akasogeza sahani. "Wifi, hawa wana zebaki. Nimesikia." Alisikia kwenye sauti iliyorushwa WhatsApp, ya mtu asiyejitaja jina, anayesema samaki wa Ziwa Victoria wanaharibu ubongo wa mtoto tumboni. Akala ugali kwa mchicha. Nilikosa la kumjibu, na hilo limeniuma wiki nzima.

Kununua samaki najua. Mama alinifundishia mwaloni Igombe: fika jua halijakolea, funua mashavu uone wekundu, tazama jicho, bonyeza nyama kwa kidole uone kama inarudi. Muuzaji akikukataza kufunua, ondoka, hata kama mmefahamiana miaka kumi. Hayo nayashika mpaka leo. Lakini yanakusaidia kumtambua samaki aliyelala tu. Zebaki haina harufu wala haibadilishi rangi ya mashavu. Imeshikamana na nyama yenyewe, kwa hiyo haitoki kwa ndimu, kwa moshi, kwa mafuta ya kukaangia, wala haimwagiki na maji ya kuchemshia. Sangara anayepiga mkia kwenye ndoo anaweza kuwa nayo nyingi kuliko dagaa waliokaa kwenye gunia mwezi mzima.

Kwa hiyo nimesoma, nimeuliza, na sasa namjibu wifi yangu hapa, pamoja na wengine wote waliosikia sauti ile.

Zebaki ikifika majini, vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini na kukaa. Wadudu wa majini wanaipata kidogo. Dagaa anakula wadudu, sangara anakula dagaa na furu, na sangara mkubwa anakula hata wadogo zake. Kila anayemla mwenzake anabeba na mzigo wake, na anayeishi miaka mingi anaulimbikiza. Ndiyo maana dagaa, wa msimu mmoja au miwili tu, wana kidogo sana. Sato naye chakula chake kikubwa ni mwani na vitu vidogovidogo vya majini, hayuko juu kwenye ngazi hiyo. Samaki wa ziwa letu wamepimwa si mara moja tangu miaka ya 1990, na wengi wao wameonekana kuwa chini ya nusu miligramu kwa kilo, kiwango kinachotumika sehemu nyingi duniani. Wanaosogelea au kuvuka hapo ni wale sangara wakubwa sana, wale ambao vichwa vyao tunavigombania kwa supu.

Marekani, mamlaka za chakula huwaambia wajawazito waache papa na nduaro, na hapohapo huwahimiza wale samaki wasio na zebaki nyingi mara mbili au tatu kwa wiki. Jamii ya sato imo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Mama wa huko anahimizwa ale sato, na wifi yangu, aliyezaliwa hatua mia moja kutoka ziwani, anamwogopa.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Minofu ya sangara inayopanda ndege kwenda Ulaya inapita kwenye vipimo, kwa sababu Ulaya wana kikomo chao cha zebaki na hawapokei samaki asiye na cheti. Mwaka 1999 walitufungia mlango kabisa kwa sababu ya wavuvi waliokuwa wakivua kwa sumu, na tangu hapo tumejifunza nidhamu. Maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko hapahapa Nyegezi. Najua wanafanya kazi, na nakubali kwamba bila wao biashara ya minofu ingekufa. Lakini mimi ninayenunua mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, na mama ntilie anayekaanga vichwa Mabatini, hatujawahi kuambiwa lolote kuhusu kilichopimwa. Kliniki wifi yangu amepewa vidonge vya damu na chandarua, akaambiwa ale matunda. Kuhusu samaki, chakula chake cha kila siku tangu azaliwe, hakuambiwa neno. Nafasi hiyo ndiyo iliyojazwa na sauti ya WhatsApp. Mtu asipopewa maelezo na wanaojua, atayachukua popote, na atafanya kile ambacho mama yeyote mwenye hofu angefanya: ataacha kila kitu.

Na akiacha dagaa, anaacha mifupa inayompa chokaa mwilini, anaacha chuma, anaacha mafuta yanayojenga ubongo uleule anaoulinda. Mchicha peke yake hautamfidia.

Sisemi zebaki ni hadithi. Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki ghubani kwa miaka mingi. Ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, na akina mama waliokuwa na dalili ndogo tu walizaa watoto walioharibika vibaya. Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Sisi tuna neno moja, mwalo, kwa mahali wavuvi wanaposhushia samaki na mahali wachimbaji wanapochenjulia dhahabu. Kule Geita nimemwona kijana wa umri wa mdogo wangu akikanda zebaki na mchanga kwa mikono mitupu ili inase dhahabu, kisha akaichoma kwenye kikaango, moshi ukimpita usoni, na mtoto mgongoni kwa mama yake hatua tatu pembeni. Huyo mtoto ndiye aliye hatarini kuliko yeyote anayekula sato Mwanza. Si wachimbaji peke yao wanaoileta ziwani, moshi wa misitu na mashamba yanayochomwa nao unaishusha na mvua. Ila kijana yule anahitaji kifaa cha kunasa ule moshi, na anakihitaji leo.

Pale mwaloni kuna kibao cha ushuru: kila ndoo, kila gunia, kiasi chake. Wapake kingine pembeni yake, kwa herufi zilezile kubwa, waandike samaki gani mjamzito ale kwa raha na yupi ampunguze, na vipimo vilisema nini mara ya mwisho. Kazi ya ndoo moja ya rangi.

Jana nilikwenda tena kwa wifi, na sato wawili wa saizi ya kiganja na sado ya dagaa. Tulikaa jikoni nikamweleza yote haya, taratibu, akiuliza maswali mazuri kuliko yangu. Sangara mkubwa amekataa, nami sikumlazimisha. Dagaa tulichambua wote wawili, tukatoa mchanga, akaweka nyanya na ndimu mwenyewe.