Azimio kwa Bibi Mwenye Sufuria

Mtaani kwetu Manzese, Dar es Salaam, yupo bibi mmoja ambaye msiba hauanzi bila yeye. Ana stoo ndogo isiyo na dirisha, na humo mna sufuria saba kubwa, majamvi, na turubai lililoshonwa viraka mpaka huoni tena rangi yake ya kwanza. Vyote ni mali ya mtaa, na ufunguo anauvaa shingoni. Akifa mwanamke usiku wa manane, mlango unaogongwa ni wake, aje aoshe maiti. Bibi zangu wawili, wa kwa baba na wa kwa mama, aliwaosha yeye. Ukimuuliza umri atakwambia Uhuru ulimkuta ana watoto wawili, basi.

Hajawahi kutajwa katika kikao chochote cha serikali. Je, atajwe? Na akitajwa, itakuwa na maana gani?

Wenzetu Marekani wana utaratibu huo. Mabunge ya majimbo yao hupitisha maazimio ya kumpongeza mkazi aliyetimiza miaka 100, au mwalimu mstaafu aliyelea kizazi kizima, na maneno hayo yakaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Uingereza, tangu 1917, anayefikisha miaka 100 hupata salamu za mfalme. Japani ilianza mwaka 1963 kuwapa kikombe cha fedha.

Sisi chombo hicho tunacho. Aprili 2021 Bunge letu lilipitisha azimio la kuenzi mchango wa Hayati John Magufuli na jingine la kumpongeza Rais Samia Suluhu Hassan. Viongozi waenziwe, sina neno. Ila mwananchi wa kawaida akifika Dodoma hutambulishwa kama mgeni wa mbunge fulani: anasimama, anapigiwa makofi, anakaa. Alichokifanya huko atokako hakiandikwi popote.

Wanaopinga wazo hili wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni ya tumbo. Zanzibar tangu Aprili 2016 inamlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya kila mwezi, ilianza na shilingi 20,000 na baadaye ikapanda hadi 50,000. Huku Bara pensheni ya wazee wote hatuna. Mzee aliyelala na njaa utampelekea cheti chenye fremu? Ningeambiwa nichague kimoja, ningechagua pensheni papo hapo. Lakini hakuna aliyetuambia tuchague. Pensheni huuliza umri tu, na inavyofaa ndivyo, maana ni haki ya kila mzee. Haiwezi kujua habari za sufuria saba. Zipo haki mbili hapa, na kuidai moja hakuifuti nyingine.

Hoja ya pili ni kwamba pongezi zikizidi huwa maneno matupu. Mwaka 1971 mbunge mmoja wa jimbo la Texas, Tom Moore, aliwasilisha azimio la kumsifu Albert DeSalvo kwa kazi yake ya kupunguza idadi ya watu. DeSalvo ndiye aliyekiri mauaji ya wanawake wengi kule Boston. Likapita! Moore alitaka kuonyesha kwamba wenzake hupitisha wasichokisoma, na alifaulu. Hili linanitisha kuliko gharama yoyote, kwa sababu heshima inayotolewa bila kusomwa inamdhalilisha hata aliyeistahili.

Halafu kuna umri wenyewe. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013, nchi nzima ilimjua, na bado hakuna aliyeweza kuthibitisha mwaka aliozaliwa. Tokyo nako, mwaka 2010, mtu aliyehesabiwa kuwa na miaka 111 alikutwa amekufa miaka kama 30 nyuma huku pensheni yake ikiendelea kuchukuliwa. Kwa wazee wetu ambao vyeti vyao vya kuzaliwa ni njaa fulani au mafuriko fulani, kugombania miaka ni kujitafutia ugomvi. Ndiyo maana naona kigezo kiwe kazi. Umri hauna shahidi, ila aliyemwoshea mtu mama yake ana shahidi kila nyumba.

Kariakoo kuna mtaa uliopewa jina la Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa katika Baraza la Wazee wa TANU. Wengi bado wanauita Tandamti, jina lake la zamani, na vijana wanaouza bidhaa pale siwalaumu: kibao kinabeba jina tu, hakisemi mtu huyo alifanya nini. Azimio lililoandikwa vizuri lingelisema.

Kwa hiyo nisingeanzia Dodoma. Ningeanzia kwenye mabaraza ya madiwani, Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, kila moja watu watatu kwa mwaka na si zaidi. Jina litoke kwenye mkutano mkuu wa mtaa, watu wakiwa wameketi kwenye viti vya kukodi, mtu akisimama aseme alimwona akifanya nini. Diwani asiruhusiwe kupendekeza, hasa mwaka wa uchaguzi, maana sote tunajua mkono unaotoa cheti huomba kura kesho yake. Kisha maelezo hayo yasomwe yote barazani na yaingie kwenye muhtasari wa kikao.

Wiki iliyopita nilimweleza bibi wazo hili, akiwa anahesabu sufuria zilizorudi kutoka kwenye arobaini. Kwanza aliuliza kama wataandika pia jina la mwenzake aliyekuwa akiosha naye, aliyefariki mwaka juzi. Halafu akaukunjua upande mmoja wa turubai, akanionyesha palipochanika upya, akauliza kama hao madiwani wanaweza kuleta jipya kabla ya masika.