Nukta nyekundu haijapitwa na wakati

Kaka yangu mmoja anayeishi Texas amenunua bunduki ya AR-15 kwa ajili ya nguruwe mwitu wanaochimbua shamba la mkwewe. Swali alilonitumia ni lile ambalo wenye bunduki hizi za nusu otomatiki huko Marekani hawachoki kulibishania: juu yake aweke nini? Kioo kidogo chenye nukta nyekundu, kisichokuza chochote, au darubini ya siku hizi inayoanzia ukuzaji wa mara 1 na kupanda hadi mara 6 au 8? Dukani walikwisha kumjibu. Nukta nyekundu ni mambo ya zamani, walisema, hata jeshi limeihama.

Kuhusu jeshi hawakumdanganya sana. Mwaka 2020 kikosi cha Marine cha Marekani kilichagua darubini ya Trijicon ya mara 1 hadi 8, na Januari 2022 jeshi la nchi kavu likaipa Vortex mkataba wa miaka 10 wa kutengeneza darubini iitwayo XM157, yenye ukuzaji huohuo pamoja na kipima umbali cha leza na kikokotoo ndani yake. Sababu inaeleweka. Askari anayemwona mtu mita 400 mbele anataka kujua kwanza kama amebeba bunduki au jembe, na nukta nyekundu haitamwambia. Hiyo ni hoja nzito. Tena alama za kulengea za darubini nyingi za aina hii zimechongwa kwenye kioo chenyewe, kwa hiyo betri ikifa bado unalenga. Vilengeo vya umeme navyo vimewahi kuaibisha: mwaka 2015 watengenezaji EOTech walikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25.6 kumaliza madai kwamba vilengeo vyao vilihama shabaha joto na baridi vilipobadilika. (Vile vilikuwa vya holografia, yaani alama inayochorwa kwa leza, si nukta ya kawaida ya taa ndogo ya LED, lakini sifa mbaya ikawaangukia wote.)

Tatizo langu ni kwamba hesabu ya askari imehamishiwa shambani bila mtu kuikokotoa upya. Na hesabu ninayoing'ang'ania mimi ni ndogo sana: milimita 4.

Darubini hizi huandikwa 1-6x24. Hiyo 24 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Igawe kwa ukuzaji unaotumia na utapata upana wa mwali wa mwanga unaotoka nyuma ya darubini kuingia jichoni mwako. Ukiwa kwenye mara 6, ni milimita 4. Ukichukua ya mara 8 yenye lenzi ileile, ni 3. Mchana wa jua kali mboni ya jicho imebana hadi milimita 2 au 3, basi mwali huo unatosha na unabaki. Ndiyo maana darubini inayojaribiwa mchana kweupe huwa inapendeza. Magharibi mambo hugeuka. Mboni inafunguka, kwa kijana inaweza kufika milimita 7, na darubini inaendelea kukupa zilezile 4. Picha inafifia wakati ule ule unapoihitaji. Na nguruwe mwitu wa Texas hatoki saa sita mchana. Katika miezi ya joto hutoka jua likishazama.

Upana huo una athari nyingine ambayo mtu haioni mpaka abebe bunduki akiwa anatembea. Jicho lisipokaa sawasawa ndani ya mwali ule mwembamba, kivuli cheusi kinaingia pembeni mwa picha, na kichwa kikisogea kidogo tu picha yote inatoweka. Ukiwa umelala kifudifudi, kitako cha bunduki kimekaa begani vizuri, hilo si shida. Ukiwa umesimama kwenye nyasi zinazofika kiunoni, umegeuka ghafla kwa sababu kitu kimekoroma upande wa kushoto, ni shida kubwa. Nukta nyekundu haikudai hivyo. Weka kichwa popote ambapo unaiona nukta, na risasi itakwenda pale nukta ilipo, ukiacha kosa dogo ambalo kwa umbali wa mita 50 halimwokoi nguruwe.

Mtetezi wa darubini atanijibu kwamba ukuzaji unashushwa. Ni kweli. Kwenye mara 4 anapata milimita 6, na kwenye mara 1 kivuli kinamsumbua kidogo sana. Lakini akishafika kwenye mara 1 amepata nukta nyekundu yenye uzito wa mawe. Darubini ya Vortex Razor ya 1-6, hata ile iliyopunguzwa uzito, ina gramu kama 610 kabla hujaweka vishikizo vya kuifunga kwenye bunduki. Nukta nyekundu ya Aimpoint Micro T-2 haifiki gramu 150 hata ikiwa na kishikizo chake kifupi, na betri yake, kwa mujibu wa watengenezaji, huenda saa 50,000 kwenye mwanga wa kawaida wa matumizi. Hiyo ni zaidi ya miaka mitano bila kuizima. Hofu ya betri kufa ni ya haki, ila ibadilishe kila mwaka mpya na uisahau. (Bei sitaigusa. Vyote viwili ni ghali vikiwa vizuri.)

Kinachonishangaza zaidi ni madai kwamba nukta "haifiki mbali". Nukta ya T-2 ina dakika 2 za pembe, maana yake kwa mita 100 inafunika kama sentimita 5.8, na kwa mita 150 kama 8.7. Hiyo haijafikia upana wa sahani ya kikombe cha chai, na sehemu ya nguruwe unayopaswa kuipiga ni kubwa kuliko sahani hiyo. Nukta haimfichi mnyama. Unachokosa ni kumwona vizuri.

Hapo ndipo hoja ya kutambua inarudi, na nakubali irudi. Tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya uwindaji kwa anayeua nguruwe mwitu kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa hiyo wageni wa kazi hii ni wengi, na kitu cheusi kwenye nyasi kinaweza kuwa ndama au mbwa wa jirani. Lakini fikiria anayetambua kwa darubini ya bunduki anafanya nini. Ameuelekeza mtutu kwa kitu ambacho bado hakijui. Darubini ya kawaida ya kuning'iniza shingoni inamaliza kazi hiyo mtutu ukiwa bado unatazama chini, tena ile ya 8x42 inampa mwali wa zaidi ya milimita 5 palepale kwenye mara 8.

Shamba lingekuwa tambarare za magharibi mwa jimbo, ambako mnyama huonekana mita 300 na hakuna kichaka cha kumsogelea, ningemwambia achukue darubini na avumilie uzito. La mkwewe limejaa miti, na kutoka uzioni hadi kijitoni ni mita 120.

Kabla hajalipa, nimemwomba jambo moja. Aiwashe nukta pale dukani, aitazame kwa jicho lake, kisha aipige picha kwa simu kupitia kioo kilekile. Kama kwenye picha ni duara safi lakini jichoni inaonekana kama nyota yenye mikia, kasoro ni ya jicho, na kununua nukta nyekundu ya bei kubwa zaidi hakutaiondoa. Hapo aulizie kilengeo cha prizimu, yaani kidarubini kifupi chenye alama iliyochongwa kwenye kioo. Amesema atakwenda Jumamosi, na miwani yake.