Virginia Lourens na shaba iliyokuwa moja tu

Tarehe 28 Septemba 2000, jijini Sydney, wanawake watatu walipanda jukwaa la washindi wa taekwondo, uzani wa kilo 57. Jung Jae-eun wa Korea Kusini alivishwa dhahabu, Tran Hieu Ngan wa Vietnam fedha, Hamide Bıkçın wa Uturuki shaba. Mholanzi Virginia Lourens hakuwamo. Siku hiyohiyo alikuwa amepambana na Bıkçın kuwania shaba hiyo, akapoteza.

Miaka minane baadaye, Beijing, jukwaa kama hilo lilibeba watu wanne. Tangu 2008 kila uzani hutoa shaba mbili. Hapo ndipo mtetezi wa Lourens atakaposhikilia: dada huyu alizaliwa mapema mno, kanuni ndiyo iliyomnyima.

Hoja hiyo siimezi nzima. Shaba ya pili haigawiwi kama sadaka. Mtu bado hushuka ulingoni akashinda pambano lake la mwisho, na Lourens la kwake lilimshinda. Tena tukihesabu kuanzia Beijing hadi Paris 2024, Michezo mitano, uzani nane, zimetoka shaba 80. Hakuna hata moja iliyokwenda Uholanzi. Sasa kanuni tuilaumu kwa lipi?

Lakini hesabu hiyohiyo inamrudishia Lourens heshima. Ikiwa nchi yake haijapata medali ya taekwondo mpaka leo, basi yule aliyefika pambano moja tu kabla ya medali, katika Michezo ya kwanza kabisa ambayo mchezo huo ulitolewa medali rasmi, si wa kupita hivihivi. Na kufika Sydney kwenyewe kulikuwa kazi: kila nchi iliruhusiwa wachezaji wanne tu, hata Korea yenyewe, ambayo wachezaji wake wote wanne walirudi na medali.

Waholanzi wanajua kumtukuza mtu wa michezo ya mapigano. Mwaka 1964 judo ilipoingia Olimpiki huko Tokyo, Wajapani walibeba dhahabu tatu kati ya nne. Ya nne, ile ya uzani huria usio na kikomo cha kilo, aliichukua Mholanzi Anton Geesink mbele ya Wajapani wenyewe, kwa kumbana Akio Kaminaga chini hadi muda ukaisha. Leo kuna mtaa wenye jina lake mjini Utrecht. Michezo ya kwanza kwa judo, Michezo ya kwanza kwa taekwondo. Mmoja ana mtaa, mwingine unamkuta kwenye majedwali ya matokeo. Dhahabu na nafasi ya nne si kitu kimoja, sikatai. Ila pengo hilo ni pana kuliko tofauti ya mapambano yenyewe.

Nadhani kilichomfunika zaidi ni shibe. Uholanzi ilitoka Sydney na medali 25, kumi na mbili zikiwa dhahabu. Inge de Bruijn peke yake alichukua dhahabu tatu kwenye bwawa, Leontien van Moorsel tatu kwenye baiskeli, na Mark Huizinga akaleta ya judo. Nani angebaki na sikio la kumsikiliza wa nne? Wakati huohuo Tran, wa uzani uleule, alirudi nyumbani na medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Vietnam.