Kabla ya Bei, Uliza Chumvi

Ushauri mwingi wa kununua vyombo vya nyumba hutufikia kutoka kwa watu wasioishi na bahari. Mtu wa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu yetu, akikwambia jiko lake limedumu miaka, anasema kweli. Lakini kwake hakuna upepo wa chumvi. Huku Mombasa chumvi hutua juu ya kila kitu, huvuta unyevu, na rangi ikikwaruzika, chumvi hupenya hapo. Kutu huanza chini kwa chini. Ukija kuiona, imeshakula. Ndiyo maana nashikilia kuwa cha bei rahisi kwetu mara nyingi ndicho ghali.

Chukua sinki la jikoni. Kijana mmoja wa dukani Mwembe Tayari aliniambia, "Ami, hii ni stenlesi safi, haishiki kutu." Nikatoa sumaku mfukoni, ikanasa kwa nguvu. Kwamba ni stenlesi hakunidanganya, lakini stenlesi ziko za aina nyingi, na kila aina ina namba yake. Inayonaswa hivyo mara nyingi ni namba 430, ambayo haina madini ya nikeli ya maana na hufaa zaidi palipo pakavu. Ile 304 ina nikeli, na 316 imeongezwa madini ya molibdeni asilimia 2 hadi 3, ndiyo maana mafundi wa mashua huipenda. Sumaku lakini isikupe uhakika wote: haitenganishi 304 na 316, na 201, ambayo ni hafifu mbele ya chumvi, nayo kwa kawaida hainaswi. Kwa hivyo mwambie muuzaji akuandikie namba kwenye risiti. Akisitasita, nenda duka la pili.

Kabati za chipbodi sizipendi kabisa. Zikifyonza unyevu huvimba kingoni, skrubu zikakosa pa kushika, mlango ukaning'inia. Kwa pesa hizo hizo, tafuta meza au kabati kuukuu la mvule, umpe fundi alipige randa na vanishi.

Friji ya mtumba usiiangalie usoni, izungushe. Tazama mabomba ya nyuma na miguu ya chini, ndipo kutu hujificha. Kisha banisha noti mlangoni na uivute: ikitoka bila kukaza, mpira umechoka na umeme utaulipia wewe kila mwezi. Kwa friji mpya, soma kibandiko cha nyota. Kanuni za Kenya za mwaka 2016 zinataka kiwepo, na nyota zikizidi, umeme unapungua.

Na wapenzi wa mshipi, nyinyi ndio chumvi inawaonea zaidi. Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikiwa ya bei poa itakwama mapema ikiwa beringi zake hazijakingwa, kwa hivyo izungushe dukani na usikilize kama inakwaruza. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yanayotiririka taratibu. Maji ya kasi huisukuma chumvi ndani.

Ndoana peke yake ndiyo nataka ishike kutu. Samaki akikata mshipi akaenda nayo mdomoni, ya chuma cha kawaida huliwa na bahari polepole, ya stenlesi humkaa muda mrefu mno. Hapo nunueni ile ya kawaida, hata kama muuzaji anawasifia inayong'aa.