Mume Wangu na Ami

Kabla hawajakupa viza ya kumfuata mumeo, Waingereza wanataka ushahidi wa mapenzi. Na pesa pia: tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayeomba kumpeleka kule mkewe au mumewe sharti awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, wakati zamani ilikuwa 18,600. Mume wangu, mpakiaji mizigo kwenye ghala huko Leicester, akahamia zamu za usiku mpaka ikatimia. Mimi nikapimwa kifua kikuu, nikafanya mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1, nikapita. Hayo yote mepesi. Kilichonitoa jasho ni picha za harusi.

Harusi zetu za Unguja mnazijua. Ndoa inafungwa msikitini, bibi harusi yuko chumbani kwao. Baba yangu marehemu, kaka sina, basi aliyeniozesha ni Ami, ndugu yake baba. Na mwozeshaji na bwana harusi hukaa uso kwa uso, magoti karibu yanagusana, mikono imeshikana. Mpiga picha alikuwa fundi kwelikweli. Mume wangu kainamisha macho kwa haya. Ami anatabasamu, kofia ya viua, kanzu imenyooka kwa pasi. Huku na huku wanatazamwa na umati wenye furaha.

Upande wa wanawake je? Shangazi alikaa mlangoni na kikapu, kila simu inatumbukia humo. Ikaponyoka picha moja tu, ya bwana harusi alipoingia kunipa mkono. Yeye anaonekana, mkono wa somo wenye bangili unaonekana, na baina yao kuna shela la kijani. Aliyemo humo ni mimi, wallahi, ila uso hauonekani hata nukta.

Mume alipokuja likizo tukapanga twende Forodhani jioni, sisi wawili, tupate picha mbili tatu za mahaba. Siri ikavuja. Bibi akaja, akataka kukaa katikati, eti ndipo penye upepo. Watoto wa shangazi wakaja kwa ajili ya urojo. Ami akaja na kanzu ile ile. Tulihangaika mpaka Magharibi, tukapata picha moja ya watu wawili watupu: mimi na Bibi.

Tukapeleka zote steshenari. Kijana wa pale akaniambia, "Dada, niachie mimi, nitazipanga zivutie." Akazichapa kwa rangi, kila moja ukurasa wake na maelezo chini kwa Kiingereza. Nilizipokea alfajiri zikiwa ndani ya bahasha iliyobandikwa, nikakimbilia boti ya Dar.

Kule kwenye kituo cha kupokea maombi, kaka wa kuskani akafungua ukurasa wa kwanza. Akautazama. Akanitazama.

"Huyu ndiye mumeo?"

"Ndiye."

"Na huyu aliyemshika mkono?"

"Ami yangu."

"Siku ya harusi yako?"

"Ndiyo."

"Wewe uko wapi?"

"Nyumbani."

Akanigeuzia karatasi. Chini ya mume wangu na Ami, kwa herufi nene na Kiingereza kisicho na kosa, kijana wa steshenari kaandika: Maharusi wakiwa na furaha siku ya ndoa yao.

Kaka yule akajitahidi, masikini, mabega yakamshinda. Mlinzi akasogea kuona kuna nini, naye akaondoka mbio kuelekea mlangoni. "Dada," akasema yule kaka akifuta machozi, "mimi naskani tu, siamui. Lakini hii nikiipeleka hivi, viza atapewa mzee."

Nikatoka nje kutafuta steshenari nyingine. Nikaandikiwa maelezo mapya, pamoja na barua ya ukurasa mzima kueleza nani ni walii, nani yuko chini ya shela na kwa nini. Viza ikatoka, ya miezi 33.

Ule ukurasa mbovu Ami aliuomba. Ameutia fremu, ameutundika sebuleni juu ya televisheni, na maandishi yake yote, maana anasema hajawahi kutoka vizuri namna ile. Mke wa Ami Kiingereza hajui. Wageni wanaokijua wakikaribishwa pale hukohoa, wakaulizia chai.