Nimepata Mkanda, Njooni na Ndoo

Wakuu, najua wengi wenu mmeshaiona ile video yangu. Mwenzangu Chogo kaiweka status tangu jana jioni na kaiandikia kabisa: "Mhandisi wetu wa maji akiwa kazini." Leo asubuhi shemeji yangu wa Tunduma kanitumia video hiyohiyo, ananiuliza kama nimepata ajira serikalini. Sasa ngoja niwape kipande alichokikata Chogo, maana video yake inaanzia maji yanapotoka, na mimi naona si haki kumhukumu mtu kuanzia kwenye maji.

Mwenye makosa ni koili. Kwa wasiojua mashine za kutafutia dhahabu, koili ni ile sahani ya chini unayoipitisha juu ya udongo. Mashine yangu ni ya mtumba, aina ya GPX, ina koili ya inchi 11. Kuna muuzaji akaniletea ya inchi 18, milioni moja na laki tatu, akasema kaijaribu kwanza ndugu yangu, uniachie tu kadi ya pikipiki. Nikaacha kadi. (Mke wangu hajui habari ya kadi. Mnaomfahamu, hiki kipande mruke.)

Hoja ya koili kubwa huku Chunya inaeleweka. Dhahabu ya Lupa, eneo letu hili la machimbo, inachokonolewa tangu mwaka 1922. Miaka ya 1930 wazungu walijaa kwenye vijito vyote, na walichotuachia sana ni misumari na makopo yao ya samaki. Mashine nazo zilipoingia, kila kijana mwenye miguu miwili kashapita. Vinageti, yaani vipande vya dhahabu, vya juu vimekwisha, kilichobaki kiko chini, na koili kubwa inasikia chini zaidi. Hapo muuzaji hadanganyi. Asichokitamka ni kwamba inasikia chini kitu kikubwa. Kidogo inakiruka. Halafu nzito, kwenye vichaka haipiti, na kwa kuwa inabeba udongo mwingi kwa mkupuo mmoja, udongo wetu huu mwekundu wenye chuma unaifanya inung'unike kutwa nzima.

Tulijaribu kwanza nyumbani kwa Chogo. Tulichukua madini ya risasi kutoka kwenye betri bovu la gari, maana ukikosa dhahabu ya kujaribia, risasi inaitikia vizuri. Kipunje cha ukubwa wa mchele tukakifukia kina cha kiganja: koili yangu ndogo ikalia, kubwa ikapita kimya. Tukafukia kipande cha ukubwa wa kiberiti, tukazidi kukishusha. Ndogo ikanyamaza mapema, kubwa ikaendelea kukisikia.

"Sasa wewe," Chogo akaniuliza, "umewahi kupata nageti ya kiberiti?"

Sijawahi. Kubwa kuliko zote nilizopata ingepotea kwenye tundu la jino. Hapo mtu mwenye akili angerudisha koili, akachukua kadi yake, akaenda kula. Mimi nikasema inabidi tuijaribu shambani.

Shamba ni la bibi mmoja, jirani na kwa mama yake Chogo. Bibi alisema marehemu mume wake aliwahi kuokota nageti pale wakati analima. (Chunya kila shamba lina marehemu aliyeokota nageti.) Na kabla hamjaanza, ndiyo, mwenye leseni ya eneo tuliongea naye. Tukaamkia, Bibi akaitikia marahaba, akaleta kigoda chake akakaa pembeni kulinda mgao.

Mwanzo kelele tupu. Nikamwambia Chogo apeleke simu yake mbali, akaipeleka, kelele ikabaki, kumbe ni mabuti yangu, yana chuma mbele. Koili ya inchi 18 ukiipunga vibaya kidogo inakusanya na vidole vyako. Nikavua mabuti, nikavaa kandambili za mjukuu wa Bibi, za rangi ya waridi. Mlioniuliza kuhusu viatu, nadhani nimewajibu.

Halafu ikalia.

Haikuwa ile sauti ya juu inayoshuka, ya vitu vidogo vya karibu. Ilianzia chini ikapanda, nzito, ya kujivuta. Wenye GPX mnajua ile sauti. Ni ya kitu kikubwa, au kitu cha mbali. Nikachomoa hedifoni ili Chogo naye asikie kwenye spika, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu alisikia Chogo, akasikia Bibi, akasikia na kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita. Nikasogea hatua moja, ikalia. Ya pili, ikalia. Nikaenda nayo kutoka kwenye mpapai mpaka karibu na uzio wa jirani, inalia tu, mstari mmoja.

Nikajisikia nasema, kwa sauti ambayo siijui imetoka wapi, "Huu ni mkanda." Yaani mshipa wa dhahabu uliopita ndani ya mwamba.

Chogo akauangalia ule mstari. "Mkanda gani umenyooka kama rula?"

Nikamjibu kuna mikanda na mikanda. Wakuu, nilisema hivyo mbele za watu. Nikaongeza na habari za mwamba kupasuka zamani za kale. Bodaboda akazima pikipiki. Akaja mama ntilie na beseni lake la maandazi, watoto, vijana wawili wa karashani, kule kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na huku mimi nachimba, huko juu mgao ukawa umeshaanza kupigiwa hesabu. Mama ntilie akagawa maandazi kwa mkopo. Mkopo wenyewe umeandikwa kwa jina langu.

Nilichimba mpaka kiunoni. Kila nikipitisha koili shimoni inapiga kelele pande zote, maana sahani pana namna ile haikuelekezi kitu kiko wapi hasa, inakwambia tu kipo. Nikainua sululu, nikashusha. Ng'aa!

Bibi akapiga vigelegele.

Nikapiga magoti, nikafuta udongo kwa vidole. Kitu cha mviringo, kijivu, kina kutu, kinaingia ukutani huku na kutokea ukutani kule. Jamani, nilikiona. Macho yalikiona vizuri kabisa. Lakini juu yangu kuna watu kama ishirini na maandazi yameshaliwa, na akili ikaniambia: hilo ni jiwe, limeshikilia nageti kwa chini, livunje. Nikasikia Chogo anasema taratibu, "Kaka, hebu subiri." Akatoa simu. Nikadhani anataka kunimulikia.

Nikashusha ya pili.

Kwanza ilikuwa pssss, ya adabu tu. Nikainama nisikie vizuri. Ndipo ikanipiga usoni. Kofia ikaenda, hedifoni zikaenda, kandambili moja sijaiona mpaka leo. Koili yenyewe haidhuriki na maji, ila lile boksi la mashine halitaki hata umande, kwa hiyo nikainyanyua mashine juu ya kichwa nikipiga kelele, "Chogo, pokea! Pokea!" Chogo hakupokea. Chogo alikuwa anarekodi. Mashine kaidaka bodaboda, Mungu ambariki. Nikaziba lile tundu kwa kiganja, maji yakatokea kati ya vidole. Nikaziba kwa viganja viwili, yakaniingia kwapani. Nikaona dawa ni kulikalia. Nikalikalia. Sasa ile picha mnayoifanya stika, ya mtu mzima kakaa shimoni na maji yanamtoka pande zote mbili, macho yanatazama mbinguni, ndipo hapo.

Na mjue kijiji chetu maji yanatoka kwa zamu. Jana ilikuwa zamu yetu. Presha yote ya wiki ilikuwa chini yangu.

Juu kukawa kimya, kisha nikasikia sauti ya mtoto, inakimbia inaishia mbali: "Mamaaa! Maji yametoka kwa Bibi, lete ndoo!" Wakaja. Wakaja na ndoo, na madumu, mmoja na karai la nguo chafu. Kuna mama aliniomba, kwa heshima zote, "Baba, inuka kidogo nikinge." Nikainuka kidogo, akakinga. Akaja mwingine.

Yaliyofuata hayana maana sana. Aliitwa fundi akafunga valvu huko juu, nimelipia kipande cha bomba na unganishi zake, nimelipa maandazi, shimo nimelifukia mwenyewe, Bibi kasema hana kinyongo ila shamba lake tusikanyage. Mashine inawaka. Kadi bado iko kwa muuzaji, maana leo nilipokwenda kumrudishia koili yake nilikuta kashaiona video, ananiuliza, "Si umeona lakini inavyokamata chini?"

Nikiwa hapohapo kwake akanipigia mwenyekiti wa kamati ya maji. Nikajua faini. Mzee akasalimia vizuri, akauliza familia, halafu akasema ile mistari yao ya zamani ya mabomba waliyoilaza hakuna anayejua tena ilikopita, aliyekuwa na ramani alishafariki, na kuna valvu moja wameitafuta kwa majembe mpaka wamechoka. Je, hiyo sahani yangu kubwa naweza kuja nayo Jumamosi? Nikamwambia sahani si yangu bado, inauzwa milioni moja na laki tatu. Akasema kamati ina elfu kumi na chakula cha mchana.

Nimemwomba muuzaji apunguze. Kagoma.